SMG ‘haikwami’? Usafi wa bunduki ndio uhai wa askari

Kila kijiwe kina mtu wa kukuambia hivi: SMG itumbukize kwenye matope, itoe, bado inapiga. Sifa hiyo ni kweli, ila nusu tu. Na kwa familia za Ruhuwiko, kata ya Songea yenye uwanja wa ndege na sekondari ya jeshi, nusu iliyobaki siyo stori ya kijiweni.

Miaka ya karibuni askari wa JWTZ wamekuwa vitani kweli. Walikuwa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, chini ya kikosi cha SADC kati ya 2021 na 2024. Walikuwa pia mashariki mwa Congo chini ya SAMIDRC, ambayo SADC iliamua kuifunga Machi 2025. Kote huko bunduki inapambana na mvua, unyevu na vumbi kabla hata adui hajaonekana.

Kwa nini inasifiwa

SMG ni jina lililozoeleka hapa nchini kwa AK na ndugu zake, ikiwemo Type 56 ya China. Vipande vyake vya ndani havibanani sana na pistoni yake ni nzito, hivyo uchafu kidogo hauizuii kufanya kazi.

Lakini magazini iliyopinda au yenye springi iliyochoka itaikwamisha. Risasi zenye kutu pia. Baadhi ya risasi za zamani zikifyatuliwa huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, na kutu inaanza. Hata mafuta yakizidi ni shida, maana vumbi linanata.

Songea ina makumbusho ya Majimaji, yanayokumbusha vita vya 1905 hadi 1907 na imani kwamba dawa ya maji ingezuia risasi za Wajerumani. Leo maji yanaweza kuzuia risasi kweli, ila ni risasi zako mwenyewe.

Wengine walijifunza kwa damu

Vietnam, askari wa Marekani walipewa M16 huku wengi wakiamini haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya usafi havikutosha, baruti ilibadilishwa na chemba haikuwa na kromu. Bunduki zikakwama katikati ya mapigano. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge lao ilichunguza na kuwabana waliosimamia mradi wa bunduki hiyo.

Machi 23, 2003, msafara wa kikosi cha matengenezo cha Marekani ulipotea njia na kuvamiwa Nasiriyah, Iraq. Askari 11 walikufa. Ripoti ya jeshi ilisema silaha nyingi ziligoma, na kwamba huenda hazikutunzwa vya kutosha kwenye mazingira ya jangwa.

Siyo kosa la askari peke yake

Usafi wa silaha ni ratiba, siyo hiari. Nusu ya kikosi inafungua silaha, nusu inalinda, kisha wanabadilishana. Sajenti anakagua moja moja, magazini nazo zikiwemo. Hapo ndipo nidhamu inapoonekana.

Ila sajenti hawezi kukagua mafuta ambayo hayajaletwa. Desemba 7, 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, Congo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa haukuishia kwa aliyeshika bunduki. Ulitaja mapungufu ya mafunzo na uongozi, pamoja na ukosefu wa msaada wa anga, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Kwa hiyo kikosi kingine kikiagwa, swali la “wana bunduki gani?” halitoshi. La maana zaidi ni hili: nani alizikagua jana jioni, na alikuwa na vifaa vya kuzisafishia?