Ana Miaka Mingapi?

Hapa Ngarenaro, gari lililoficha vijana wa Kiethiopia likikamatwa, habari inafika vijiweni kabla ya redio. Walikuwa wangapi, wamejificha chini ya mzigo gani, dereva kakimbia au kadakwa. "Wahamiaji haramu," basi, mjadala umefungwa. Sijasikia mtu akiuliza wana miaka mingapi.

Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, na sizungumzii huruma, nazungumzia sheria. Njia yao inajulikana: wanatoka kusini mwa Ethiopia, wanashukia Moyale, wanakatiza Kenya, wanaingia kwetu wakielekea Afrika Kusini. Wengi ni wavulana, na wamo walio chini ya miaka 18, hawana mzazi wala ndugu safarini. Sheria ya Uhamiaji inamwona mtu aliyeingia bila kibali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwona mtoto, na inakataza kumbagua kwa asili yake au kwa kuwa mkimbizi. Aliyefikishwa mahakamani akionekana mdogo, umri wake lazima uchunguzwe. Kesi ya mtoto husikilizwa faragha, na mahabusu hachanganywi na watu wazima.

Kwenye karatasi safi kabisa. Sasa mweke pale dogo ambaye hana cheti cha kuzaliwa, hajui Kiswahili, na wakala kamkaririsha aseme ana miaka 20. Anayehitajika hapo ni afisa ustawi wa jamii, tena na mkalimani. Na si wa Kiamhari tu. Wengi wanatoka kwa Wahadiya, wana lugha yao. Bila mkalimani, umri unaoandikwa ni ule wa wakala.

Mtaniambia nchi ina mipaka. Sawa, inayo. Kumrudisha mtoto kwao kwa utaratibu, baada ya kumpata mzazi, sina ugomvi nako. Ila lazima kwanza aulizwe kama anakimbia vita, maana hapo inaingia Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Nayo inamhakikishia mtoto mkimbizi elimu ya msingi, na elimu ya baada ya msingi imo pia.

Na huu ndio mji uliopokea mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi mwaka 1979. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa hapa, ingawa tangu Tanzania ilipojitoa kwenye tamko lile mwaka 2019, mtu binafsi hawezi tena kuishitaki serikali yetu moja kwa moja.

Wanasheria wa mwaka wa tatu na wa nne, msaada wa kisheria tunaoutoa uishie kwenye mirathi na kodi za nyumba tu? Twendeni ustawi wa jamii tuulize wanakosa nini. Wengine, acheni kurusha picha za hao watoto kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukimwona mtoto wa aina hiyo mtaani, mwambie mwenyekiti wa mtaa au piga 116. Ni bure.