Choo Si Jalala la Dawa

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafundisha wananchi wa Tanzania, kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, umuhimu wa kuchimba vyoo. Mafunzo hayo yangali sahihi. Lakini shimo lile lile lililokusudiwa kuzuia maradhi ya kuhara sasa hutumbukizwa vidonge vilivyobaki au kupitwa na wakati.

Dawa nyingi hazimalizikii mwilini. Sehemu yake hutoka na mkojo ikiwa bado na nguvu. Kutoka chooni hupenya udongo hata kuyafikia maji ya ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima dawa 24 katika maji ya Nairobi na Kisumu, nchini Kenya. Katika visima vifupi vya maji ya kunywa, vilivyo kando ya vyoo vya shimo, ilikutwa nevirapini, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kiasi kilichofikia maikrogramu 1 hadi 2 kwa lita. Kuyachemsha maji huua vijidudu, lakini si njia ya kuondoa mabaki ya dawa.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria huletwa Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele. Hata hivyo, katika mitaa kama ya Ngokolo, bomba likikauka au fedha ya ankara ikikosekana, kisima cha jirani hurudiwa, hata kama choo ki hatua chache tu. Katika ukanda huu wa dhahabu, hadi Geita, zebaki huzungumzwa sana, na ni haki, vidonge havizungumzwi.

Haifai kuwatia watu hofu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa viwango vidogo sana vya dawa katika maji ya kunywa havielekei kumdhuru mnywaji. Hatari kubwa zaidi ni ya viuavijasumu: bakteria wanaokaa katika dawa hafifu huweza kuwa sugu, na siku mtoto atakapougua, dawa ile haitamponya.

Kwa hiyo mgonjwa asiache dawa zake, bali amalize dozi. Zahanati na maduka ya dawa yapokee zilizobaki ili ziteketezwe ipasavyo. Manispaa, pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu, ipime visima vilivyo karibu na vyoo, na majibu yasomwe mbele ya mikutano ya mitaa. Taifa lililoweza kuwafundisha wananchi wake kuchimba choo haliwezi kushindwa kuwafundisha kisichopaswa kutupwa humo.