Usinunue RAM kwa macho

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mjue haya maneno sijayatoa hewani.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, nyumbani hakukukalika. Baba alinyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya kuliko matusi. Mama ndiye aliuliza, "Sasa utafanya nini?" Nikamwambia nitakuwa nahariri video za watu. Hakuelewa vizuri, lakini alienda kwa chama chake akakopa, akaniongezea juu ya ile doo nilikuwa nimeweka, niunde kompyuta ya mezani. Aliniambia kitu kimoja tu: "Usiniaibishe mbele ya hao wamama."

Nikaingia tao, nikapanda na Luthuli. Prosesa nilikuwa nimeshaamua, Ryzen 5 5600G, kwa sababu ina grafiki ndani na kadi ya picha sikuwa na uwezo nayo. Ikafika zamu ya RAM. Kijana wa duka akaniwekea vitu viwili juu ya kaunta. Kwanza vijiti viwili vya 8GB, kasi ya 3200, vyeusi, havina urembo wowote, elfu saba. Pili kijiti kimoja cha 16GB, kasi ya 3600, kina taa za rangi zinazocheza, elfu tisa mia tano. Akasema, "Bro, hii ya taa ndio kali." Mimi, mtu aliyeacha chuo na anataka kuonekana anajua, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Sikuuliza swali hata moja. Nikalipa.

Miezi saba nilikaa na hiyo kitu. Taa zilikuwa safi, lakini kazi ilikuwa inajikokota. Nikivuta video ya ruracio kwenye programu ya kuhariri, picha inakwama, sauti inatangulia. Mteja mmoja nilimchelewesha siku nne, akachukua kazi yake akaenda kwa mtu mwingine. Hiyo ilikuwa pesa ya kulipa chama.

Nikabeba mashine hadi kwa fundi mmoja mzee, ghorofa ya tatu, jengo fulani River Road. Hakufungua hata skrubu. Aliwasha, akafungua Task Manager, akaangalia ukurasa wa kumbukumbu, akacheka kidogo.

"Kijana, hii RAM ulilipia kasi gani?"

"3600, mzee."

"Basi soma hapo."

Palikuwa pameandikwa 2400. Na chini yake, nafasi zilizotumika: 1 kati ya 4.

Miezi saba.

Sasa hoja yangu ni hii, na naisema bila kupepesa: wengi wetu tunanunua RAM kwa macho. Tunanunua namba kubwa kwenye boksi na taa zinazowaka, halafu nusu ya kile tulicholipia hatukitumii kabisa. RAM yenye thamani ni ile ambayo kila shilingi yake inafanya kazi ndani ya mashine yako wewe, si kwenye picha ya boksi.

Kwanza, hiyo namba kwenye boksi. 3600 ni kasi ambayo kijiti kimepimwa kinaweza kufika, si kasi kitakachoanza nayo. Ukikichomeka tu, mazabodi inakiendesha kwa kasi ya kawaida ya usalama, kama 2133, 2400 au 2666 kwa DDR4. Kasi uliyolipia imehifadhiwa ndani ya kijiti kama mpangilio unaoitwa XMP, na kwa DDR5 za AMD unaitwa EXPO. Lazima uingie kwenye BIOS, yaani ubonyeze Delete au F2 mashine ikiwaka, uuwashe mwenyewe. Ni dakika mbili. Hakuna mtu dukani aliniambia, na mimi sikuuliza.

Na kuna mazabodi ambazo hata ukiwasha hazikubali. Chukua i5-10400 kwenye mazabodi ya H410 au B460: hapo mwisho ni 2666. Hata uweke RAM ya 3600, itakimbia 2666 na pesa yako imelala. Zile OptiPlex na EliteDesk za ofisi zinazoletwa kutoka ng'ambo pia kwa kawaida hazina hiyo XMP. Ukiwa na moja, usinunue kasi. Nunua ukubwa.

Pili, vijiti viwili. Hapa ndipo niliumia zaidi. Prosesa za kawaida za mezani zina njia mbili za kwenda kwa RAM. Ukiweka kijiti kimoja, umefungua njia moja na nyingine umeiwekea mawe. Piga hesabu na mimi: kila njia ya DDR4 hubeba baiti nane kwa mkupuo. Kijiti changu cha 2400 kilikuwa kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Hata ningewasha XMP kikafika 3600, ingekuwa 28.8. Vile vijiti viwili vyeusi nilivyovidharau, kwa 3200, vinapitisha 51.2. Yaani RAM ya elfu saba ingenipa zaidi ya mara mbili na nusu ya kile nilichokuwa napata kwa elfu tisa na mia tano.

Na kwa mashine kama yangu, isiyo na kadi ya picha, hili ndilo jambo kubwa kabisa, kwa sababu grafiki za ndani hazina kumbukumbu yao. Zinakula sahani moja na prosesa. Ukiwa na nafasi nne, weka vijiti viwili kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Mazabodi nyingi zinaziita A2 na B2. Ukivipanga vibaya pia unaweza kujikuta kwenye njia moja.

Tatu, ile namba ndogo watu huruka: CL. Fikiria stendi ya mathree. Kasi ni vile gari linakimbia likishatoka. CL ni muda konda anakuweka ukingoja kabla liondoke. Mathree inaweza kuwa inapaa barabarani na bado ukachelewa kazini kwa sababu ililala stendi. Hesabu ni rahisi: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. Jibu ni nanosekunde. 3200 CL16 inatoa 10. 3600 CL18 inatoa 10 vilevile. DDR5 ya 6000 CL30, 10 tena. Lakini 6000 CL40 ni zaidi ya 13. Boksi mbili zinaweza kusema 6000 na zisiwe kitu kimoja. Muuzaji akikuonyesha kasi, muulize CL. Akibabaika, soma stika mwenyewe.

Kwa hivyo ningenunua nini? Usianze na RAM, anza na mazabodi, kwa sababu DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kata yake iko mahali tofauti. AMD za AM4 ni DDR4. Za AM5 ni DDR5 pekee. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zinategemea mazabodi uliyochukua. Ukiwa AM4, vijiti viwili vya 3200 CL16 vinatosha, na 3600 CL18 nunua tu kama tofauti ya bei ni ya soda. Ukiwa AM5, 6000 CL30 ndiyo shabaha. AMD wenyewe waliitaja 6000 kama mahali pazuri walipoitoa hiyo AM5 mwaka 2022. Juu ya hapo unalipa pesa nyingi kwa faida ndogo ambayo jicho lako halitaiona.

Halafu ukubwa. Kati ya 16GB za kasi sana na 32GB za kasi ya wastani kwa bei moja, mtu wa kuhariri video achukue 32 bila kufikiria mara mbili. RAM ikijaa, mashine inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na hata SSD nzuri ni polepole kuliko RAM mara mamia. Hakuna CL itakayokuokoa hapo. Ukiwa ni wa kucheza gemu na kuandika kazi za shule, 16 inakubeba vizuri.

Najua kuna msee atasema, "Nunua ya kasi sasa, utaikuta mbeleni." Kwa DDR4, mbeleni gani? Mashine yako ijayo itakuwa DDR5, hiyo RAM haitaingia. Na kwa DDR5, anayepanga kuongeza vijiti baadaye ajue kwamba vikifika vinne, mara nyingi kasi hushuka. Afadhali anunue viwili vya 16GB leo kuliko viwili vya 8GB na ndoto ya kuongeza.

Mwingine atasema hivi vitu ni vya matajiri. Hapana. Mwenye pesa akikosea, atanunua nyingine kesho. Ni sisi tunaonunua kwa mkopo wa chama ndio tunapaswa kujua hesabu ya nanosekunde. Na sasa ndio zaidi, kwa sababu tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima. Samsung, SK Hynix na Micron ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani, na zimeelekeza nguvu kwa seva za akili bandia kwa sababu huko ndiko pesa iko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, jina ambalo wengi wetu tumelizoea. Kukosea sasa kunauma kuliko kulivyoniuma mimi.

Ndio maana siogopi kusema nunua DDR4 iliyotumika. RAM haina kitu kinachozunguka wala kuchakaa kama tairi. Lakini usiichukue kwa imani. Iwashe dukani, fungua Task Manager, soma kasi na idadi ya nafasi. Chukua risiti yenye siku za kurudisha. Ukifika kejani, acha MemTest86 ikimbie usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, irudishe kesho yake. Na vijiti viwe jozi iliyouzwa pamoja, si kimoja cha huku na kingine cha kule.

Sasa yule mzee wa River Road. Alinitolea vijiti viwili vya 8GB vilivyotumika, 3200 CL16, vyeusi, akachukua changu cha taa, akasema ana kijana wa gemu anakitafuta. Akawasha XMP mbele yangu, akanionyesha kila kitufe. Halafu akanirudishia elfu moja mia tano. Nilienda kwake nikidhani nitalipa, nikarudi nyumbani na pesa na mashine iliyoamka. Ile video ya ruracio iliyokuwa inakwama, nilikuwa bado na nakala yake. Niliifungua usiku huo ikatembea tu, nikabaki naiangalia.

Wahenga waliimaliza hii mada zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi kipande changu cha mti kilikuwa na taa.

Lakini taa si kosa langu kubwa. Kosa langu lilikuwa kuona haya kuuliza. Nilidhani mtu aliyeacha chuo akiuliza swali mbele ya kaunta, watu watajua. Watajua nini? Mzee wa River Road nilimuuliza maswali saa nzima, na hakuna wakati aliniuliza nilisomea wapi.

Mkopo wa chama niliumaliza miezi mitano baada ya hapo. Mama hajui DDR ni nini, na sijamwambia habari ya zile taa. Akisoma hapa, basi, mama, samahani.

Wewe nenda sasa hivi ufungue Task Manager. Soma hiyo namba. Kama si ile uliyolipia, unajua pa kubonyeza.