Zebaki katika sabuni: figo ndizo zinazolipa

Kila mwaka hununua figo ya mbuzi buchani Buyenzi na kuipasua mbele ya wanafunzi wangu, waone mahali damu inapochujwa. Safari hii mtoto mmoja aliuliza: "Mwalimu, na ile sabuni ya mama ya kung'arisha uso, nayo inafika hapo?"

Inafika. Baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua, ule mkorogo tulioujua tangu kambini Kigoma, hutiwa chumvi za zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana uso hung'aa upesi. Lakini haibaki usoni. Hupenya, huingia katika damu na kwenda kukaa kwenye figo. Panya wa maabara wakipewa kloridi ya zebaki, figo huwa za kwanza kuharibika. Mwanadamu naye, kichujio kikishaharibika, protini hupotelea katika mkojo, uso na miguu huvimba. Jirani husema karogwa.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa figo: zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu walipoziacha. Ulaya iliikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini kuuza nje sabuni hizo kulikatazwa mwaka 2003. Miaka 27! Soko lilikuwa ni sisi.

Ndugu wafanyabiashara wa Mugina na Gatumba, wengi wenu mmerejea nyumbani kama mimi, na najua faida ya katoni mbili ndiyo karo ya mtoto. Sisemi muache kuuza sabuni. Someni paketi kabla ya kulipa: mkikuta neno mercure, mercury au herufi Hg, hiyo ni zebaki. Isiyoandikwa viungo kabisa ndiyo ya kuogopa zaidi. Forodha nao, wanaopekua hadi vifurushi vya vitenge, wanaipitishaje? Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025.

Na aliyekwisha kununua mzigo wa namna hiyo asiutupe mto Ntahangwa. Maji yake huishia Ziwa Tanganyika, tunakovua ndagala. Kule Minamata, Japani, zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikajikusanya ndani ya samaki, na kabla ugonjwa haujatambuliwa kwa watu mwaka 1956, paka wa wavuvi walikuwa wakizunguka kama wendawazimu na kufa. Mzigo huo upelekwe wapi basi? Wizara ya afya itangaze mahali pa kuukusanyia, mpakani na sokoni, na itangaze kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati katoni zinapoingia kwa wingi.