Bunduki Haingoji Kulia Ndipo Iwe Kosa

Hapa Gisenyi, upande wa Rwanda, tunakoishi na Goma ya Kongo ukuta kwa ukuta, kuna maneno yanayosemwa sana: "Bunduki ya wazi haina neno, mwogope anayeificha." Wanaoyasema huongeza kwamba maadamu mtu hajapiga risasi, polisi hawana la kumwuliza. Nayakataa yote mawili.

Mwaka 2023 serikali ya Kongo ilitunga sheria ya jeshi la akiba, na vijana wa makundi ya Wazalendo, yanayopigana upande wa serikali, wakapata mlango wa kuhesabiwa watetezi wa nchi. Wengi walikwenda vitani kweli, na wengine hawakurudi. Lakini kabla waasi wa M23 hawajauteka mji wa Goma Januari 2025, silaha zilionekana pia masokoni na kwenye baa zake, mikononi mwa watu wasio na sare wala mkubwa anayejulikana. Waliokuwa wakivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza nyanya Goma wanajua biashara inavyokuwa hapo. Kijana anasimama mbele ya meza, bunduki begani, mtutu umeelekea chini, sawa na kichwa cha mtoto aliyekaa miguuni pa mama yake. Anauliza bei. Hatukani, hatishi. Mama anataja nusu ya bei aliyomtajia mteja aliyetangulia, halafu hata hiyo anaiacha: "Chukua tu, mwanangu." Risasi haijalia, na mama ameshanyang'anywa.

Wabishi hukimbilia mfano wa Marekani. Haya, twende huko. Mwaka 2010 mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, wanaume watano waliingia mgahawani na bastola kiunoni, polisi wakawaandikia kosa la kuvuruga amani. Mashtaka yakaachwa, na mwaka uliofuata jimbo likabadilisha sheria: kubeba silaha pekee, bila dalili ya nia mbaya, si kuvuruga amani. Kwa hiyo anayekula na wanawe meza ya pili ndiye anayeachiwa kazi ya kuisoma nia ya mtu asiyemjua, na akikosea kuisoma, hapati nafasi ya kurudia. Huo ni uhuru wa mtu mmoja unaolipiwa na ukumbi mzima.

Rwanda imechagua njia nyingine: sheria ya silaha ya 2018 haimruhusu raia kumiliki bunduki bila kibali. Na Januari 27, 2025, siku ambayo risasi na makombora kutoka Goma yaliua watu hapa wilayani kwetu Rubavu, wanajeshi wa Kongo waliokimbilia kwetu walisalimisha silaha mpakani kwanza. Aliyekuwa amepiga risasi na ambaye hajapiga wote waliziacha pale pale. Sikusikia mtu akilalamika kwamba wameonewa.

Nitaambiwa kwamba askari wetu nao hupita jioni na bunduki barabarani. Hupita kwa sare, kwa zamu, na mkubwa wao anajulikana; wakimdhulumu mtu, kuna pa kuwashtaki. Aliyesimama mbele ya nyanya za yule mama angeshtakiwa wapi, na kwa jina gani?

Kwa hiyo wanaoitawala Goma leo, na watakaoitawala kesho, nawataka hili: anayekutwa sokoni na bunduki bila kazi ya ulinzi anayoweza kuithibitisha achukuliwe silaha hapo hapo na afikishwe kwa hakimu, na mama wa nyanya asilazimishwe kwenda kushuhudia kwamba alitishwa.