Gari, Kisu na Kamba: Tuchague kwa Kupima Ardhi ya Mafia

Yapo mazoea yaliyoota mizizi miongoni mwa watu wapendao safari za porini na pwani, nayo ni kudhani kwamba chombo bora ni kile kilicho kizito, chenye nguvu na chenye bei kubwa. Wauzaji husifu gari kwa ukubwa wa injini yake, kisu kwa mng'ao wake, na kamba kwa unene wake. Maoni yetu ni kwamba sifa hizo hazitoshi. Hapana chombo kilicho bora kwa kila mahali. Hapana budi kila kimoja kipimwe kwa ardhi na hewa ya mahali kitakapotumika. Kisiwa cha Mafia chatupa mfano mzuri wa jambo hilo.

Mafia ni kisiwa cha mchanga na mwamba wa matumbawe, chenye urefu wa takriban kilomita 50, kilichoelekeana na delta ya mto Rufiji. Barabara ya Kilindoni hadi Utende ina lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za kichanga, na wakati wa masika baadhi yake hugeuka matope. Pepo za bahari hubeba chumvi mchana na usiku. Kipuri kisichopatikana kisiwani hakina budi kuvushwa kutoka bara. Kwa hiyo msafiri anayejiandaa kwenda huko yampasa kujiuliza maswali matatu: Je, chombo hiki kitailemea ardhi kwa kiasi gani? Chumvi itakifanya nini? Na kikiharibika, nani atakitengeneza huko huko?

Tuanze na gari. Gari huzama mchangani kwa sababu ya kanieneo, yaani uzito unaoangukia kila sentimita ya mraba ya ardhi. Tuchukue gari la kilo 2,000, ambalo kila gurudumu lake hubeba kilo 500. Matairi yakijazwa upepo kwa kiasi cha kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba, kila moja hukanyaga eneo la sentimita za mraba 200 hivi. Upepo ukipunguzwa kwa nusu, tairi hulala, na eneo hilo hukaribia sentimita za mraba 400. Mchanga ule ule ulioyameza matairi mwanzoni sasa huyabeba, ingawa injini haikuongezewa nguvu hata chembe. Ndiyo maana mwenye gari jepesi, kipimo cha upepo na pampu huwa salama kuliko mwenye lori kubwa asiye na vitu hivyo. Sharti ni moja: arudishe upepo kabla ya kuingia kwenye lami, kwani tairi laini likiendeshwa kwa kasi hupata joto na huweza kupasuka.

Chumvi nayo ni adui asiyeonekana upesi. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilijengwa bodi ya aloi ya alumini kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu nchini Uingereza baada ya vita. Bodi hiyo ilistahimili kutu, lakini fremu iliyoibeba ilikuwa ya chuma cha pua, nayo ilioza. Aidha, metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo. Pale alumini inapogusana na chuma, alumini ndiyo huliwa. Mnunuzi basi na ainame kutazama chini ya gari kabla ya kusifu rangi yake, na akisha kulinunua alioshe mara kwa mara, chini kwa juu, kwa maji ya kisima.

Kuhusu kisu, wengi huamini kwamba kile kisichoshika kutu ndicho bora daima. Kisu hicho hulindwa na kromi, isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba juu ya chuma. Kloridi iliyomo katika maji ya bahari huweza kuutoboa utando huo, na kisu kikaanza kufanya vitundu. Panga la chuma chenye kaboni hushika kutu upesi zaidi, lakini aghalabu hunoleka kwa urahisi, na mhunzi aweza kulifua kutokana na springi ya gari chakavu. Kwa hiyo kisu cha kromi kifuatane na mvuvi chomboni, kikioshwa kila jioni. Shambani panga latosha, likifutwa na kupakwa mafuta ya nazi, ambayo Mafia si haba. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hakuna ukali udumuo pasipo na kinoo.

Jambo la mwisho, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni madhara yanayowaangukia wenyeji. Dereva aliyekwama hutafuta mti wa kufungia kamba ya winchi, na Mafia mti ulio karibu aghalabu ni mnazi. Shina la mnazi halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwembe, wala halina tabaka la kuziba jeraha. Alama ya waya hubaki maisha yake yote, na yaweza kuwa mlango wa wadudu na uozo. Msafiri huondoka, na mwenye mnazi hubaki na hasara. Makuti makavu yaliyotandazwa chini ya magurudumu, pamoja na sepetu, yangetosha mara nyingi.

Hali kadhalika ufuko si barabara. Kasa na ng'amba hutaga katika baadhi ya fukwe za Mafia na visiwa vyake, na mayai hukaa mchangani kwa muda wa miezi miwili hivi. Gurudumu hushindilia mchanga juu yake, na mifereji ya matairi huwanasa watoto wanaokimbilia majini. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, haiwezi kumsimamia kila dereva. Naye dereva akumbuke kwamba wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, na hayachagui gari la bei gani.

Twapendekeza basi kwamba idara, wenye hoteli na watu binafsi wanaoagiza vifaa vya kutumika visiwani waandike katika maagizo yao masharti matatu: wepesi juu ya ardhi, ustahimilivu wa chumvi, na uwezekano wa kutengenezwa na mafundi wa hapo. Mafundi hao nao waulizwe kabla fedha hazijatumika, maana wao ndio watakaokabidhiwa chombo kikisha kuharibika.