Sauti za Wazee Wetu na Chombo cha Kuzinasa

Msomaji wetu mmoja ametuletea barua, naye asema hivi: bibi yake ni mtu mzima sana, na kifuani mwake mna tenzi nyingi ambazo hazijaandikwa popote. Ataka kuzinasa nyumbani kabla ya siku kupita. Maikrofoni anayo na kompyuta anayo. Lakini rafiki zake wamemwambia kwamba asiponunua priamplifaya ya bei kubwa kazi yake itakuwa bure. Na fedha aliyo nayo ni karo ya mtoto. Atuuliza: je, ni kweli?

Kwanza yafaa ijulikane kazi ya chombo hicho. Maikrofoni hugeuza sauti ikawa umeme, walakini umeme huo ni mdogo mno. Kwa mtu asemaye kwa upole, aghalabu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya volti. Hauwezi kunaswa vyema mpaka ukuzwe, na priamplifaya ndiyo ya kwanza kuupokea na kuukuza. Basi uchafu wowote uingiao hapo hukuzwa pamoja na sauti. Mfano wake ni mchanga ulioingia katika unga: ukiisha kukandwa, hauchaguliki tena.

Kwa hiyo waliosema kwamba chombo kizuri kina faida hawakusema uwongo. Faida zake kubwa ni mbili: huongeza mvumo mdogo sana wa kwake, na huvumilia sauti ipandapo ghafula bila ya kuikwaruza. Faida ya kwanza huonekana hasa kwa maikrofoni zenye umeme dhaifu. Iko moja ijulikanayo sana, Shure SM7B, ambayo asili yake ni SM7 ya mwaka 1973. Watengenezaji wenyewe hushauri ikuzwe kwa desibeli zisizopungua 60, yaani volti zizidishwe mara 1,000. Chombo duni kikifunguliwa kiasi hicho hutoa mvumo kama wa mchele unaopepetwa. Ama maikrofoni za kondensa, ambazo nyingi hupelekewa umeme wa volti 48 kwa waya ule ule wa sauti, hizo hutoa umeme wenye nguvu zaidi. Na kwazo tofauti baina ya chombo cha bei kubwa na cha bei ya kadiri mara nyingi ni ndogo.

Lakini hapana priamplifaya iwezayo kuondoa mlio wa feni, wala wa jokofu, wala mwangwi wa kuta tupu. Kadiri ilivyo bora, ndivyo itakavyovikuza hivyo vyote kwa uaminifu.

Nayasema haya kwa majuto. Niliwahi kumnasa marehemu baba yangu akisimulia safari zake za ujana. Kwa kumstahi, niliiweka maikrofoni mbali naye, juu ya meza, na feni ikizunguka. Nilipokuja kuipandisha sauti yake, feni nayo ikapanda. Kosa halikuwa la chombo, lilikuwa langu. Naye hayupo tena nimwombe arudie.

Basi, ndugu yetu, kabla ya kununua chochote fanya jaribio hili. Tengeneza kipimo cha sauti kama utakavyokitumia, kisha nasa ukimya wa chumba kwa dakika moja. Bila ya kugusa kipimo, iweke maikrofoni kabatini katikati ya nguo, funga mlango, nasa dakika nyingine. Sikiliza zote mbili kwa spika za masikioni. Mvumo ukipungua sana kabatini, adui yako ni nyumba. Ukibaki vile vile, adui ni chombo.

Dawa ya nyumba ni rahisi. Zima feni na jokofu kwa muda, teremsha mapazia, tandika zulia, mkalishe bibi mbali na kuta tupu. Kisha isogeze maikrofoni. Kila upunguzapo umbali kwa nusu, sauti huongezeka kwa karibu desibeli 6. Ukiitoa sentimita 60 ukaileta sentimita 15, volti zimezidi kama mara nne, wala hukutoa hata senti. Iweke kando kidogo ya mdomo ili pumzi isiipige. Kompyuta ikinasa kwa biti 24, vilele vya sauti viache desibeli 12 hivi chini ya kikomo, maana sauti iliyokwisha kukwaruzika hairekebishiki vizuri.

Jibu letu, basi, ni hili: karo na iende shuleni. Jaribio likionyesha kwamba chombo ndicho chenye mvumo, azima kwa jirani, au nunua cha bei ya kadiri utakapojaliwa. Lakini usingoje siku hiyo. Mwombe bibi ruhusa, umnase juma hili hili, kidogo kidogo asichoke, na kila unasacho ukiweke nakala mbili mahali pawili. Utenzi wenye mvumo kidogo husikilizika. Usionaswa humfuata mwenyewe kaburini.